Kopo la Maua: Neno Hili Limetoka Wapi?

NEEMA: Karibuni tena, mnaotusikiliza hapa Dodoma na kokote mliko. Msikilizaji wetu wa Ipagala anauliza: chombo cha kupandia maua tunakiita kopo. Jina hili limetoka wapi? Kaka Elia, hili ni lako.

ELIA: Asante, dada. Ni la Wareno. Kwao copo ni chombo cha kunywea, bilauri. Vasco da Gama alipita pwani yetu mwaka 1498, na Ngome ya Yesu pale Mombasa ilibaki kuwa ya Wareno mpaka Waomani walipoiteka mwaka 1698. Katika muda huo Kiswahili kiliokota meza, leso, bendera...

NEEMA: Na mvinyo!

ELIA: Hasa, mvinyo, kutoka vinho. Zabibu tunalima wenyewe Hombolo, jina la kinywaji ni la Kireno.

NEEMA: Lakini kutoka bilauri mpaka maua, mbona mbali?

ELIA: Neno limefuata matumizi. Kopo la kuogea, kopo la maziwa, kopo la rangi. Rangi ikiisha nani analitupa? Linatiwa udongo, linapandwa mshubiri, linawekwa barazani. Basi, limeshakuwa kopo la maua.

NEEMA: Kuna watu wanaona kopo ni neno la uswahilini, wanataka kusema vasi.

ELIA: Hapo huwa nabisha kabisa. Vasi asili yake ni Kilatini, vas, na maana yake ni chombo tu, kiwe cha mafuta, kiwe cha divai. Wafaransa wakalichukua, Waingereza wakalipata kwao. Ukisema "chombo cha maua" umeshasema alichosema Mlatini. Heshima ya ziada inatoka wapi?

NEEMA: Ila hayo mawili si kitu kimoja, kaka. Vasi, au jagi la maua kama wengi tunavyosema, linakaa mezani na maji, maua yamekatwa. Kopo lina mmea wenye mizizi.

ELIA: Kweli, na ndiyo maana kopo lazima litobolewe chini.

NEEMA: Mama yangu hutumia msumari wa nchi nne, matundu matano hivi, halafu kokoto kidogo, ndipo udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyokauka. Pasipo matundu maji yanatuama, mizizi inaoza.

ELIA: Na jua la huku? Mvua zikikatika Aprili, tunangoja mpaka Desemba.

NEEMA: Bati linashika moto sana. Liweke upande wa mashariki wa nyumba, lipate jua la asubuhi, mchana likae kivulini. Mwagilia jioni, maji uliyooshea mchele yanafaa kabisa. Na kama kopo lilikuwa la rangi, panda maua tu, mchicha usipande humo.

ELIA: Msikilizaji wa Ipagala, umesikia. Tukirudi, tunaingia kwenye neno "waridi".