Kisima cha Addington

Asanteni. Ketini jamani, hata ninyi wa mlangoni. Nafasi zipo huku mbele, ila mwanafunzi na kiti cha mbele ni kama paka na maji.

Nimeombwa nizungumzie usafi na afya ya jamii, na najua mmeshachoka kusikia habari za vyoo vya shimo. Leo nawapeleka Croydon, kitongoji kikubwa kusini mwa London, mwaka 1937. Nimepachagua makusudi. Sisi mlipuko ukitokea, taarifa yetu huwa na sentensi mbili zilizokwisha kuandikwa tayari: bajeti haikutosha, vifaa hatuna. Wale vifaa walikuwa navyo.

Ipigeni picha. Mji wa watu zaidi ya 200,000, na uwanja mkuu wa ndege wa London wakati huo uko hapohapo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nyumba zilimea pembezoni mwa London kama uyoga: mbilimbili zimeshikana ukuta, bustani nyuma, bafu, choo cha kuvuta ndani. Mtu alikimbia moshi wa mjini akaja kununua hewa safi kwa mkopo. Manispaa ina mganga mkuu, ina injinia, ina wakaguzi wa afya. Na tarehe 1 Oktoba 1937, wakati mambo ninayotaka kuwaeleza yanaiva chini kwa chini, Sheria mpya ya Afya ya Jamii, iliyopitishwa mwaka mmoja nyuma, ndiyo ilikuwa inaanza kutumika. Sheria mbichi kabisa, wino haujakauka.

Sasa kisima. Kiko Addington, kimechimbwa kwenye mwamba wa chaki. Chaki ni rafiki wa watu wa maji: mvua inapenya taratibu, inachujwa njiani, na unachovuta chini ni maji meupe ambayo ukiyatia kwenye glasi huoni hata chembe. Lakini mwamba huo una nyufa, na ufa hauchuji kitu. Ndiyo maana maji ya Addington yalikuwa yakipitishwa kwenye machujio na kutiwa klorini kabla ya kwenda mjini. Kisima hicho kilinywesha hadi sehemu moja ya tano ya Croydon.

Vuli ile kisima kilihitaji ukarabati. Mafundi wakateremshwa ndani. Mmoja wao alikuwa ameugua homa ya matumbo, taifodi, enzi za vita, akapona. Mzima wa afya, anafanya kazi za sulubu, hana hata kikohozi. Ninyi mmesoma somo hili: wachache kati ya wanaopona hubaki na vimelea kwenye kibofu cha nyongo miaka na miaka, wanavitoa chooni bila kujijua. Yeye mwenyewe hakujua. Hakuna aliyempima kabla ya kumteremsha kwenye maji ya kunywa ya maelfu ya watu. Simlaumu hata kidogo, na jina lake silitaji, kwa sababu watu wakipata jina huacha kuuliza maswali mengine.

Na swali lenyewe ni hili. Katika kipindi hichohicho cha ukarabati, machujio na klorini vilisimamishwa. Haya, inaweza kutokea. Lakini maji ya kisima kile yaliendelea kuvutwa na kupelekwa mjini. Watu wako ndani ya kisima, dawa imefungwa, na bomba la jikoni linatiririka kama kawaida.

Nani alijua? Upande wa injinia walijua mafundi wako chini. Mganga mkuu wa manispaa, Dk. Oscar Holden, hakuwa ameambiwa. Manispaa moja, mwajiri mmoja, halafu mwenye kulinda afya ya mji hana habari kwamba kuna watu wanafanya kazi ndani ya maji ya mji.

Mnacheka. Mimi nilikuwa bwana afya kwenye mji mmoja, siutaji, nikajua kwamba bomba kuu limekatwa kwa matengenezo baada ya mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni na ndoo kuniuliza, "Bwana afya, mbona maji leo yana rangi ya chai?" Mamlaka ilikuwa ng'ambo ya barabara, na hakuna aliyekuwa amevuka kuja kuniambia. Kwa hiyo mimi Croydon sicheki.

Turudi. Taifodi ina ujanja mmoja: hukaa mwilini wiki moja hadi tatu kabla ya kujionyesha. Mgonjwa wa kwanza anapolala, maji aliyokunywa yamekwisha kupita zamani, na kila siku unayopoteza wengine wanaendelea kunywa. Mwishoni mwa Oktoba wagonjwa wakaanza kuripotiwa. Mtu wa kazi hii wakati ule angefikiria maziwa kwanza. Mwaka uliotangulia maziwa yasiyochemshwa yalikuwa yameleta taifodi kule Bournemouth na Poole. Lakini weka nyumba za wagonjwa kwenye ramani, moja baada ya moja, kisha weka juu yake ramani ya mabomba. Nukta zimejaa upande mmoja wa mji, zinafuata njia za maji ya Addington. Mwanzoni mwa Novemba kisima kikafungwa.

Waliougua walikuwa 341. Waliofariki, 43. Kumbukeni hakukuwa na dawa ya kuua kimelea hicho. Kloramfeniko ilikuja kutumika mwishoni mwa miaka ya 1940. Unamlaza mgonjwa wiki kadhaa, unampa vyakula vya majimaji, unamfuta jasho, unaomba Mungu utumbo usitoboke wiki ya tatu.

Wakazi hawakunyamaza. Waliunda kamati yao, wakapiga kelele magazetini kwamba wamechelewa kuambiwa, na serikali ikaleta uchunguzi wa hadhara chini ya mwanasheria H. L. Murphy. Ripoti ilitoka mwanzoni mwa 1938. Ilitaja mambo matatu yaliyokutana: kazi ndani ya kisima, mtu mwenye vimelea miongoni mwa mafundi, na kusimama kwa uchujaji na klorini. Ikagusa pia kile kidonda cha maofisa kutozungumza. Mimi naona hicho ndicho kilichoyaunganisha hayo matatu, maana Holden angepewa karatasi ya mistari miwili tu, angeuliza klorini iko wapi.

Jambo la mwisho, halafu maswali. Kesi ilifika mahakamani 1938: baba mmoja na binti yake aliyeugua dhidi ya manispaa. Sasa "maji safi na salama", maneno ambayo kwetu yako kwenye kila bango la mradi, Waingereza walikuwa na mfano wake kwenye sheria yao ya maji ya 1847. Hakimu akasema wajibu huo wa kisheria manispaa inadaiwa na mlipa kodi ya nyumba. Yaani baba. Binti, aliyekunywa maji na kulala kitandani na homa, hakuwa mlipa kodi, hivyo kwa sheria ile hakuwa na dai. Ilibidi apite mlango mwingine, wa uzembe, athibitishe kwamba manispaa haikuwa na uangalifu. Akathibitisha, akashinda.

Haya, naona mkono kule nyuma. Simama, jitambulishe kwanza.