Mgeni Alale: Sera ya Utalii na Ukanda wa Magharibi mwa Kenya

(Mhadhara uliotolewa Kisumu mbele ya wenye hoteli, waongoza watalii na wanafunzi wa masomo ya utalii)

Mabibi na mabwana, walimu wenzangu, wenye hoteli, na ninyi manahodha mlioacha mashua zenu ufuoni Dunga kuja kunisikiliza, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie namna serikali inavyoweza kuukuza utalii katika upande huu wa nchi, na nitaanza kwa jambo ambalo huenda lisiwapendeze wenzetu wa matangazo. Shida yetu kubwa si kutojulikana, bali ni kwamba mgeni akija huondoka bila kulala, na akilala, hauoni usiku wa pili.

Mtazameni mgeni wa kawaida wa Kisumu. Ametua asubuhi kuhudhuria mkutano, ametoka ukumbini saa tisa, bodaboda imemfikisha Dunga, amepanda mashua kuwatazama viboko, amekula samaki aina ya ngege wa kukaanga kwa ugali na mboga za kienyeji, na kufikia saa kumi na mbili yuko tena uwanja wa ndege. Nahodha amepata nauli ya safari moja, mama mpishi ameuza sahani moja, na hoteli haikuuza kitanda. Angelala, kesho yake angepelekwa kwenye miamba ya Kit Mikayi au kisiwa cha Ndere, na angekaa siku ya tatu angefika Ruma, kule Homa Bay, hifadhi ya pekee nchini ambamo korongo, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda kuelekea mgongoni, bado anaishi porini. Akiendelea hadi Migori angeziona kuta za mawe za Thimlich Ohinga, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018.

Basi sera yoyote ya ukanda huu naipima kwa swali moja: je, itamfanya mgeni alale tena?

Sheria tunazo. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliiachia serikali ya kitaifa sera na maendeleo ya utalii, na kuzikabidhi kaunti utalii wa maeneo yao. Sheria ya Utalii ya 2011 ikaunda mashirika ya kutekeleza kazi hiyo, yakiwemo Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, inayotoa leseni, na Mfuko wa Utalii, unaokusanya tozo ya asilimia 2 ya mauzo ya hoteli na mikahawa. Kwa lugha ya kaunta, bili ya shilingi 10,000 humtoa mwenye hoteli shilingi 200. Mimi si adui wa tozo hiyo, kwa kuwa ndiyo inayosaidia kugharamia mafunzo na matangazo ya sekta. Ninalodai ni kwamba Mfuko utangaze kila mwaka, kaunti kwa kaunti, kiasi kilichokusanywa na kiasi kilichorudi, ili mwenye nyumba ya wageni kule Kapenguria ajue mia mbili zake zimefanya nini.

Sasa tuingie mahali ambapo sera hukutana na mgeni ana kwa ana, yaani langoni. Msitu wa Kakamega, ambao ndio mabaki makuu nchini ya misitu ya mvua iliyoenea hadi Kongo, una wasimamizi wawili. Upande wa kaskazini, Buyangu, uko chini ya Shirika la Wanyamapori, KWS. Upande wa kusini, Isecheno, uko chini ya Shirika la Misitu. Mbega anayeruka kutoka mti hadi mti hajui mpaka huo, lakini mgeni anaujua, kwa sababu anaukuta langoni na katika ada. Wala si Kakamega pekee. Hapa Kisumu, hifadhi ya swala iko chini ya KWS, makumbusho yako chini ya shirika lingine la kitaifa, ufuo una kikundi chake, na barabara ya kufikia kote huko ni ya kaunti au ya serikali kuu kutegemea ngazi yake. Tiketi moja ya siku tatu inayokubaliwa katika malango haya yote haihitaji sheria mpya. Inahitaji wakubwa watano wakae mezani na wakubaliane namna ya kugawana mapato, na hapo, naomba radhi, ndipo mambo yetu hukwama.

Ugawaji wa mapato si jambo dogo. Ada za Maasai Mara huingia katika hazina ya Kaunti ya Narok, ilhali ada za Mbuga ya Ziwa Nakuru huenda kwa KWS. Kwa hiyo maji ya ziwa yalipopanda kuanzia miaka ya 2010 na kufunika lango kuu la zamani, na ndege aina ya heroe wengi wakahamia Bogoria na maziwa mengine, hoteli za jiji la Nakuru ziliumia moja kwa moja, ingawa kaunti yao haikuwa na sauti katika kiingilio. Mpango wa utalii usiohesabu mabadiliko ya maji ni mpango wa nusu.

Matukio makubwa nayapitia haraka. Mbio za magari za Safari Rally ziliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, Naivasha ilijaa. Kongamano la miji ya Afrika, Africities, la Mei 2022 liliijaza Kisumu. Hiyo ni heri, lakini kitanda hulipiwa mkopo wa benki mwaka mzima.

Anayekijaza mwaka mzima ni Mkenya. Mwaka 2024 nchi ilipokea wageni wa kigeni takriban milioni 2.4, na walio wengi hawakufika huku. Wanaofika huku ni watu wa semina, wa mikutano ya kanisa, jamaa wa Desemba, na wale ambao sera zetu huona haya kuwataja: watu wa matanga. Kila Ijumaa magari yanateremka kutoka Nairobi, waombolezaji wanalala mjini, wanazika Jumamosi, wanaondoka Jumapili. Kwa kipimo cha kimataifa cha takwimu za utalii, anayelala nje ya mazingira yake ya kawaida kwa ajili ya kuwaona jamaa ni mtalii. Ni nani amewahi kumwekea mgeni huyo karatasi mapokezini inayoonyesha saa za kivuko cha Luanda Kotieno kwenda Mbita?

Kazi hiyo ni ya kaunti, na ina kalenda. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mkakati wa fedha wa kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya mwisho wa Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Anayetaka vibao vya barabarani, gati salama la Dunga na tiketi ya pamoja aandike maombi yake Januari na ayawasilishe katika vikao vya maoni ya umma, kwa kuwa ikifika Mei, fungu la utalii litakuwa limeshapangwa.