Jinsi ya Kuchambua na Kununua Sarafu Kuukuu za Kiingereza Bila Kupigwa

Haya wapendwa, karibuni mezani. Kopo hili ni la biskuti, lakini biskuti zilishaliwa enzi hizo. Humu ndani mna sarafu. Nimelipata hapa Birmingham, kwenye soko la Jumapili, lile ambalo watu hufungua buti za magari na kuuza mali za babu. Mzee aliyeniuzia aliapa kwamba ni fedha tupu. Nami nikamlipa bei ya shaba, tukaachana kwa amani. Leo tunalichambua pamoja, na mtaona ni nini cha kuangalia kabla mkono haujaingia mfukoni.

Vifaa ni vichache. Mizani ya sonara, ile inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Ya jikoni ya kupimia unga weka kando. Kioo cha sonara kinachokuza mara kumi. Sumaku, taa ya mezani, bilauri ya maji na uzi mwembamba. Basi.

Kwanza, mimina na utenge kwa rangi. Za kahawia huku, nyeupe huku, hizi za njano zenye pembe kumi na mbili ni peni tatu za kuanzia 1937, ziweke pale. Hilo halihitaji mwalimu, twendelee.

Kwa wageni: kabla ya tarehe 15 Februari 1971 pauni moja ya Kiingereza ilikuwa shilingi 20, na shilingi ilikuwa peni 12. Kwa hiyo pauni ina peni 240. Peni nayo inagawanywa mara nne, na kila robo ni fathingi, hii ndogo yenye ndege. Shilingi mbili ni florini, shilingi mbili na peni sita ni nusu krauni, shilingi tano ni krauni kamili. Msiumize kichwa, ukizishika mwezi mmoja zinazoea zenyewe.

Sasa miaka. Hapa sikilizeni vizuri, maana pesa nyingi hupotelea hapa. Chukua nyeupe zote, soma mwaka. Mpaka 1919, sarafu nyeupe ya Uingereza ni fedha ya asilimia 92.5. Kuanzia 1920 mpaka 1946 ni asilimia 50, kwa sababu baada ya vita vya kwanza bei ya fedha ilipanda mno. Kuanzia 1947 fedha hakuna kabisa, ni shaba na nikeli. Hakuna kabisa, jamani. Kwa hiyo muuzaji akikuwekea shilingi ya 1953 na kukwambia ni fedha, ama hajui ama anajua sana.

Tazameni hili kopo: 1948, 1951, 1962, 1949, 1957... 1942, hiyo ina nusu. 1967. Na hii nusu krauni ya Malkia Victoria, 1898. Shemeji yenu, sogeza kamera. Taa inaakisi, siyo huko, huku. Ndiyo. Bibi amejifunika ushungi, mnamwona? Hiyo ndiyo sura yake ya uzeeni, kuanzia 1893. Hii mimi naipenda kuliko zote; ile ya 1887 yenye kitaji kidogo juu ya kichwa inaonekana kama amevalishwa kofia ya mtoto.

Na kuna hii kubwa. Upande mmoja malkia, upande wa pili uso wa Winston Churchill, 1965. Hii ndiyo inayoongoza kwa kuuzwa kwa maneno matamu: eti ya ukumbusho, eti adimu, eti fedha. Si fedha, ni nikeli na shaba. Adimu vipi wakati zilitengenezwa zaidi ya milioni 19? Kila kabati la bibi wa Kiingereza lina moja. Ukiipenda, inunue kwa bei ya chai.

Sumaku. Pitisha juu ya zote, haraka. Hakuna inayotakiwa kunata. Ikinata sarafu inayodai kuwa ya fedha, ya dhahabu au peni ya zamani, hiyo ni chuma kilichopakwa. Lakini kutonata si ushahidi, kwa sababu feki nyingi hazinati. Ndiyo maana tunapima.

Uzito wa nyeupe za fedha ukumbuke hivi: peni sita gramu 2.83, shilingi 5.65, florini 11.31, nusu krauni 14.14, krauni 28.28. Zinazaana, ukijua moja umezijua zote. Sarafu iliyochakaa hupungua kidogo, hilo la kawaida. Iliyolika mpaka sura haionekani lakini uzito wake ni kamili kabisa, au umezidi, hiyo itilie shaka mara mbili.

Ngojeni, namba inarukaruka. 13.84, 13.91, 13.79... Ni mashine ya kufulia nguo, inazungusha huko nyuma na meza inatetemeka. Simamisha kidogo, tafadhali. Haya. 13.86. Kwa nusu krauni iliyotembea mifukoni zaidi ya miaka mia, sawa.

Sasa kipimo cha maji. Weka bilauri ya maji juu ya mizani, bonyeza sifuri. Funga sarafu kwa uzi, izamishe yote, ining'inie katikati. ISIGUSE CHINI. Nimesema isiguse chini, wala pembeni. Ikigusa chini mizani inabeba uzito wa sarafu yenyewe, na hapo utapata namba ya ajabu na utamtukana muuzaji asiye na kosa. Inaning'inia, mkono umetulia, unasoma.

Mnaona? 9.40. Haiwezekani. Imegusa, uzi wangu umelegea. Naivuta juu kidogo... 1.39. Bado siiamini. Sogeza kamera hapa chini ya herufi: kile kipovu cha hewa mnakiona kimeshika ukingoni? Kipovu kinahesabiwa kama sarafu. Fedha halali itaonekana nyepesi, nawe utairudisha bure. Gusa uzi taratibu kipovu kitoke. Kimetoka. 1.35.

Sasa gawanya uzito mkavu kwa namba ya majini: 13.86 kwa 1.35, unapata kama 10.27. Fedha ya asilimia 92.5 huwa karibu na 10.3. Imepita! Tujaribu na Churchill tuone: kavu 28.26, majini, isiguse chini, isiguse chini... 3.17. Jibu ni 8.9, ambayo ni shaba na nikeli. Maji hayajui hadithi za soko.

Onyo juu ya hapo: kwa sarafu ndogo kosa la sehemu moja ya mia linabadilisha jibu sana, kwa hiyo pima mara kadhaa. Peni mpya inayong'aa bado rangi yake ya kiwandani usiizamishe, utaiachia madoa. Na ukimaliza kausha kwa kugusisha kitambaa. Usisugue.

Tukiwa hapo kwenye kusugua. Najua kwetu shaba husuguliwa kwa limau na majivu mpaka ing'ae kama sinia la harusi. Kwa sinia, vizuri. Kwa sarafu, umeua. Mnunuzi anayejua akiona mistari midogo ya kusugua anakata bei nusu au anaondoka. Inamishe chini ya taa moja hivi, izungushe pole pole. Sarafu ambayo haijaguswa, mwanga unazunguka juu yake. Iliyosuguliwa ina mikwaruzo inayokimbia upande mmoja, na uchafu umebaki pembeni mwa herufi tu, katikati kweupe. Peni ya shaba yenye rangi ya waridi wakati mwaka wake ni 1890, hiyo imeoshwa. Narudia: usisafishe. Wala usinunue iliyosafishwa kwa bei ya ambayo haijasafishwa.

Haya, za kahawia. Hizi wengi huzipuuza, mimi ndizo huniweka macho usiku. Chukua peni za Mfalme George wa Tano, soma 1912, 1918 na 1919. Upande wa kushoto wa mwaka, tafuta herufi ndogo. H ni kiwanda cha Heaton cha hapa hapa Birmingham, na KN ni King's Norton, nao wa hapa hapa. KN ipo kwenye 1918 na 1919 tu, na hata iliyochakaa ina wanunuzi. Kioo karibu na jicho, sarafu karibu na kioo. Hii... 1919, hakuna. 1918, hakuna. 1912... H! Ipo, mnaiona? Si utajiri, lakini yenyewe imelipa sehemu ya kopo.

Walio nyumbani, hizo H na KN mtazikuta pia kwenye senti zenye tundu za Afrika Mashariki. Na mkipata ya senti tano au kumi ya 1936, someni jina. Mfalme Edward wa Nane alitawala mwaka huo huo akajiuzulu mwezi Desemba, na Uingereza haikuwahi kutoa sarafu zake mitaani. Afrika Mashariki ilitoa, kwa sababu ile ya tundu haina sura, ina jina tu. Ni za bei nafuu na zina kisa ambacho Mwingereza mwenyewe hana mfukoni. Ila ule ujumbe wa WhatsApp kwamba shilingi ya simba ya Mfalme George inanunuliwa mamilioni, naombeni muufute. Za 1948 mpaka 1952 ni shaba na nikeli, na ni nyingi mno.

Vilevile peni ya 1933. Zinajulikana kama saba tu. Mwaka ule peni zilikuwa tele, zikatengenezwa chache za kuwekwa chini ya mawe ya msingi ya majengo. Moja iliibwa mwaka 1970 kwenye msingi wa kanisa huko Leeds. Kwa hiyo mtu akikuuzia ya 1933 sokoni, ama ni nakala ya ukumbusho au tarakimu ya mwisho imekwanguliwa. Mshukuru, nenda zako.

Dhahabu humu hamna, nilishajua. Lakini mnaulizia sana pauni ya dhahabu, ile ya Mtakatifu George na joka, ambayo wauzaji huiita soverini. Uzito gramu 7.98, upana milimita 22.05, karati 22. Nusu yake ni gramu 3.99. Mwaka 1887 serikali ilitoa peni sita ya fedha yenye ngao iliyofanana mno na nusu soverini. Wajanja wakaichovya dhahabu na kuitumia kama shilingi kumi, ikabidi muundo ubadilishwe mwaka huo huo. Lakini peni sita ni gramu 2.83. Mizani ingewaumbua wote. Soverini za bandia za kisasa ni bora zaidi ya hapo, kwa hiyo dhahabu nunua kwa mfanyabiashara anayekupa risiti na anayeipokea ikirudi.

Bei sasa. Katika matangazo mtaona F, VF, EF, yaani Fine, Very Fine na Extremely Fine, madaraja ya uchakavu wa sarafu. F ya Waingereza isikudanganye, hiyo imechakaa, ila maandishi na sura kubwa bado vinasomeka. VF nywele zinaonekana. EF ina mguso mdogo tu kwenye sehemu za juu. Muuzaji wa mtandaoni mara nyingi hujipandishia daraja moja, wewe mshushe.

Kwa fedha za kawaida anza na madini. Nusu krauni ya kabla ya 1920 ina gramu 13 za fedha safi, ya 1920 mpaka 1946 ina kama 7. Zidisha kwa bei ya fedha ya siku hiyo, hapo unajua sakafu, yaani bei ya chini kabisa. Kinachozidi sakafu muuzaji akueleze kwa nini. Kwenye eBay usiangalie bei zinazoombwa, chuja zilizokwishauzwa. Bei ya katalogi nayo ni ya dukani, mfanyabiashara anapokuuzia wewe. Ukienda kumuuzia yeye utapewa chini ya hapo.

Mnadani, hesabu kamisheni ya mnunuzi kabla hujainua mkono. Nyundo ikigonga pauni 100, kamisheni asilimia 20, na kodi ya asilimia 20 juu ya kamisheni, unalipa 124, bado posta. Ukinunua mtandaoni kwa mfanyabiashara wa hapa Uingereza una siku 14 za kubadili nia, kwa hiyo kipimo cha maji kifanye siku inapofika. Kwa mtu binafsi haki hiyo huna.

Mwisho, kuhifadhi. Mifuko ya plastiki laini yenye harufu ya kapeti jipya hutoa asidi, na sarafu inaota utelezi wa kijani. Tumieni vikasha vya duara vya plastiki ngumu. Ndiyo, mimi naviuza, link iko chini, sijifichi. Ukiagiza niandikie jina la sarafu, usinipe milimita ulizopima kwa rula ya shule: peni inakaa kwenye 31, nusu krauni 32, soverini 22. Betri inawaka nyekundu, na mashine ya nguo imeanza tena...