Fangasi za ukeni: mbona zinamrudia yeye tu?

MWAJUMA: Haya karibuni tena, leo tunaongelea fangasi za ukeni, na usione aibu hapo ulipo maana karibu wanawake watatu kati ya wanne zitawapata walau mara moja maishani. Mimi Mwajuma, niko na Neema kama kawaida.

NEEMA: Nipo shosti. Naanza na swali. Kuna mtu anapata mara moja, anatumia dawa, yameisha. Mwingine anafanya kila alichoambiwa, chupi za pamba, usafi, kila kitu, na bado kila baada ya muda mfupi anarudi kununua dawa. Kwa nini?

MWAJUMA: Ndo hapo sasa. Zikikupata mara tatu au zaidi ndani ya mwaka hizo ni za kujirudia, na wanawake wa hivyo wako wengi mno, kuna makadirio ya 2018 yalisema kama milioni 138 kwa mwaka dunia nzima. Halafu kitu cha kwanza wanachoambiwa eti ni uchafu. Inaniudhi hiyo!

NEEMA: Na wengine wanajiosha mpaka ndani na sabuni.

MWAJUMA: Wanazidi kujiumiza tu. Sikia, fangasi mwenyewe, mara nyingi ni yule anayeitwa Candida albicans, anaishi humo kwa kama asilimia 10 mpaka 20 ya wanawake wasio na dalili yoyote, ukimpima mtu unamkuta naye na mwenyewe hata hawashwi. Kwa hiyo kuwa naye tu sio ugonjwa, uangalie anafanya nini na mwili unampokeaje.

NEEMA: Anafanya nini?

MWAJUMA: Akitulia ni kichembe cha mviringo tu. Akipata nafasi anarefuka anakuwa uzi, na ule uzi ndo unaojipenyeza kwenye utando wa ndani na kutoa sumu inaitwa kandidalaisini, imeelezwa 2016 tu, juzi juzi. Ile sumu inatoboa seli, seli zinaita msaada, chembe nyeupe za damu zinamiminika hapo, na cha kushangaza zikifika mara nyingi fangasi haondoki, zinaongeza uvimbe tu. Ule muwasho na wekundu na kuungua ukikojoa, sehemu kubwa ni kinga yako mwenyewe.

NEEMA: Heee! Na siku zote tunaambiwa kinga imeshuka.

MWAJUMA: Kwa wengine ni kweli, mfano kisukari ambacho hakijadhibitiwa. Ila wengi wanaorudiwa ni wazima kabisa, hapo ndo jeni zinaingia. 2009 watafiti wa Uholanzi walieleza ndugu wa kike wa familia moja waliokuwa wanasumbuliwa na fangasi, wakakuta hitilafu kwenye jeni ya Dectin-1, hicho ni kipokezi ambacho seli za kinga zinatumia kumtambua fangasi kwa ukuta wake. Upande mwingine kuna jeni ya NLRP3 inayohusika na kuwasha uvimbe, nayo aina fulani imeonekana zaidi kwa wanaorudiwa. Mmoja kinga yake haimwoni fangasi vizuri, mwingine inamwona na kuzidisha fujo.

NEEMA: Kwa hiyo kama mama na dada zako wanazo...

MWAJUMA: Inawezekana umerithi kitu, sio lazima. Ila usikimbilie kulipia kipimo cha jeni, hakitabadilisha dawa utakayopewa.

NEEMA: Na bakteria wazuri je? Wanasema wanatengeneza asidi inayomuua fangasi.

MWAJUMA: Laktobasili ni kweli wanatengeneza asidi, na hasa Lactobacillus crispatus anasaidia, ila kusema asidi inamuua sio sahihi, fangasi anaivumilia, mwenye fangasi mara nyingi pH yake, yaani kipimo cha asidi, iko kawaida tu, 4 na kitu. Ikipanda juu ya 4.5, yaani asidi imepungua, ndo unaanza kuwaza mambo mengine kama bakteria vajinosisi, pale bakteria wa ukeni wanapovurugika. Sasa ukimeza antibayotiki zinaua bakteria, fangasi haziwagusi, anabaki na uwanja.

NEEMA: Ndo maana watu wanatoka kutibiwa kifua wanaanza kujikuna kwingine.

MWAJUMA: Hahaha ndo hivyo. Na tafadhali, pima. Utafiti wa 2002 uliangalia wanawake waliojinunulia dawa wenyewe, kama theluthi moja tu ndo walikuwa na fangasi peke yake. Wanachukua ute, wanaweka tone la potasiamu haidroksaidi kwenye kioo cha darubini, seli zinayeyuka na zile nyuzi zinabaki zinaonekana. Ikijirudia, omba wauoteshe ule ute maabara wajue ni fangasi wa aina gani, maana Candida krusei hasikii flukonazo, ile dawa ya kumeza ya fangasi, kabisa, na Candida glabrata ni mbishi.

NEEMA: Na kama ni albicans wa kawaida ila anarudi?

MWAJUMA: Daktari anaweza kukupa flukonazo dozi tatu kila baada ya saa 72, halafu moja kwa wiki kwa miezi 6. Kwenye utafiti wa 2004 zaidi ya asilimia 90 walikuwa hawajarudiwa mpaka miezi 6, ila nusu mwaka baada ya kuacha dawa walibaki kama asilimia 43. Inatuliza, kuponya moja kwa moja ni kitu kingine. Na mjamzito asimeze hizo, kuna za kupaka au kuweka ukeni.

NEEMA: Mwenza naye atibiwe?

MWAJUMA: Kama hana dalili, kumtibu hakupunguzi fangasi kumrudia mwanamke. Akiwa na wekundu au muwasho kwenye uume, na yeye aende akapimwe.