Zege la majivu mbele ya baridi na hewa

Ndugu zangu mafundi na wahandisi, tazameni kipande hiki cha zege la majivu ya makaa ya mawe. Kilimwagiliwa maji siku 2 tu, kikakaa miaka kadhaa mahali pasipofika mvua. Nimekipasua sasa hivi, na hapa palipopasuka nanyunyiza fenoftalini, dawa inayogeuka waridi pale tu zege lilipobaki na ukali wa chokaa. Katikati pamekuwa waridi iliyokoza. Pembeni, unene wa kidole, pamebaki kijivu.

Kwenye kijivu hicho hewa ya ukaa imekwisha kula chokaa. Zege lisiloguswa na hewa hiyo lina pH, yaani kipimo cha ukali huo wa chokaa, ya karibu 13, na humo nondo hujivika utando mwembamba unaoizuia kutu. pH ikishuka chini ya 9, utando huo hauna maisha. Sasa, majivu nayo hula chokaa hiyohiyo ili kutengeneza gundi inayoziba vitundu. Lakini kazi hiyo huenda polepole, na inataka maji. Ukilinyima zege hili maji mapema, umebaki na chokaa kidogo na vitundu wazi.

Kuhusu baridi: maji yakiganda ndani ya zege hutanuka kwa asilimia 9 hivi na kulipasua. Kinga yake ni viputo vidogo vya hewa tunavyovitia makusudi, vikaribiane kiasi cha milimita 0.2. Kaboni isiyoungua ndani ya majivu huinyonya dawa ya viputo. Shehena ikibadilika na dozi ikabaki ya jana, viputo vinapungua, wala jicho halioni. Hili linaniuma sana, kwa sababu lawama yote huangukia majivu. Pimeni hewa kila shehena, palepale zege linapomwagwa! Bwawa la Hungry Horse huko Montana, Marekani, lililokamilika 1953, lina majivu haya, na baridi ya kule si ya mchezo.

Baridi na hewa ya ukaa husaidiana kuharibu. Hewa ya ukaa ikiingia milimita 5 mwaka wa kwanza, hufika 10 mwaka wa 4, na 25 mwaka wa 25, maana kina chake hukua kwa kipeuo cha pili cha miaka. Nondo iliyofunikwa na zege la milimita 25 ina miaka 25 kabla haijafikiwa. Barafu ikichubua milimita 5 mapema, zinabaki milimita 20, yaani miaka 16.

Nipeni kipande cha pili. Mchanganyiko uleule, banda lilelile, ila hiki kilimwagiliwa siku 14. Nanyunyiza. Sogeeni karibu: kijivu chake hakifiki hata upana wa ukucha.