Mkono wa Kulia na Bendi ya Magwiji: Gitaa la Jazi ya Fanki Jukwaani Lamu

Assalaam alaykum. Waliotoka Shela na Matondoni, na waliovuka kutoka Mokowe, karibuni nyote.

Mada yetu leo ni tamasha la aina moja tu: mpiga gitaa mkongwe wa jazi ya fanki, amezungukwa na bendi ambayo kila aliyemo ana jina lake. Wapiga ala, mafundi wa sauti na wapangaji wa jukwaa mmeketishwa pamoja makusudi, kwa sababu tamasha la namna hii huharibikia pale kazi ya mmoja inapokutana na kazi ya mwingine.

Tuanze na gitaa lenyewe. Mtu anayekwenda kumsikiliza gwiji wa muziki huu humtazama mkono wa kushoto, unaokimbia juu ya shingo. Mkono wa kulia ndio ulioujenga muziki. Mwaka 1965 Jimmy Nolen aliingia kwenye bendi ya mwimbaji wa fanki James Brown, na kazi yake kubwa ilikuwa kukwaruza nyuzi chache za juu kwa milio mifupi mikavu, karibu sana na ngoma. Leo Nocentelli wa kundi la The Meters, New Orleans, akaonyesha njia nyingine: gitaa linapiga kifungu kifupi cha noti, besi inakijibu, dramu inapita katikati yao. Grant Green, aliyetoka kwenye jazi kamili, alirekodi albamu ya jukwaani mwaka 1970 katika klabu moja ya Newark, na ndani yake utamsikia akishikilia vifungu vya noti moja moja, akivirudia hadi vinakuwa sehemu ya ngoma. John Scofield, aliyezaliwa 1951 na kupiga na mpiga tarumbeta Miles Davis kuanzia 1982 hadi 1985, bado anatembea kwenye njia hiyo hiyo. Watu wanne, milio minne tofauti kabisa, lakini wote wanaacha mianya, nao hawaogopi mianya hiyo.

Sasa tuliweke kwenye vidole. Kila kipimo kina mipigo 4, na kila mpigo tunaugawa mara 4, jumla vipande 16. Mkono wa kulia hushuka kwenye kipande cha kwanza na cha tatu cha kila mpigo, hupanda kwenye cha pili na cha nne, wala hausimami hata pale usipogusa uzi. Katika vipande hivyo 16, vinavyotoa noti kamili ni 3 hadi 5. Vilivyobaki ni mkwaruzo mfu, yaani uzi umezimwa na hautoi noti, au hewa tupu. Anayeanza husimamisha mkono anapofika kwenye kimya kisha akaukurupua tena. Hapo ndipo anapochelewa, na hakuna mpiga dramu atakayemwokoa.

Kodi ya kuanzia, yaani zile noti kadhaa zinazobanwa na kupigwa kwa pamoja, ni D9. Fureti ni vile vijiti vya chuma vilivyolala shingoni. Kidole cha kati kwenye uzi wa 5 fureti ya 5, cha shahada kwenye uzi wa 4 fureti ya 4, cha pete kinalala juu ya nyuzi za 3, 2 na 1 kwenye fureti ya 5. Ukiishaizoea, ivunje. Mwenye besi anapiga D tayari, mwenye kinanda ana F kali, yaani F iliyopandishwa nusu-toni, mkononi. Bakia na nyuzi zile tatu nyembamba, na kidole kidogo kiguse fureti ya 7 kwenye uzi wa 1 pale tu unapotaka kuongeza chumvi. Nyuzi tatu zatosha. Kwenye bendi ya watu wanane, hata tatu wakati mwingine ni nyingi.

Mkwaruzo mfu nao una hila yake. Ukiulegeza mkono wa kushoto ukabakisha kidole kimoja tu juu ya nyuzi, kwenye fureti za 5, 7 na 12 kutatoka mlio mwembamba wa kengele ambao hukuutaka, kwa kuwa hapo uzi hujigawa sehemu zilizo sawa ukiguswa kidogo. Weka vidole viwili au zaidi, viachane, na mlio huo utakufa.

Kwa wenzetu waliokulia kwenye chakacha na vugo kuna jambo la kuangalia. Mwili uliozoea ngoma za sita kwa nane huvuta vipande vya fanki kuelekea tatu tatu. Hilo si kosa la masikio. Ni mazoea ya kiuno. Weka metronomi, kile chombo cha kuhesabu mipigo, kwenye mipigo 80 kwa dakika, kwaruza vipande vyote 16 kwa nguvu sawa bila noti hata moja, dakika 5, halafu uongeze noti moja tu kwenye kipande cha kwanza cha kipimo. Mpaka noti hiyo itue mahali pake kila mara, usiongeze ya pili.

Tuje kwenye magwiji. Wazee walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na sioni usemi unaoifaa zaidi bendi ya nyota. Wengi wao huwa na mazoezi ya siku moja, pengine saa tatu tu, kisha wanapanda jukwaani. Fanyeni hesabu. Wimbo wa vipimo 32, kasi ya mipigo 100 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua karibu sekunde 77. Wapiga solo watano wakichukua mizunguko miwili kila mmoja, hizo ni dakika 13, bado hamjapiga mwanzo wala mwisho wa wimbo. Kwa onyesho la dakika 90, nyimbo 6 zinatosha. Mwandalizi anayechapisha orodha ya nyimbo 14 atajikuta anapunguza usiku wa manane, tena atampunguza mtu asiyependa kupunguzwa. Afadhali kila wimbo uwe na wapiga solo wawili au watatu waliotajwa kwenye karatasi, wengine wawe nyuma yao.

Na walio nyuma wafanye nini? Hapa ndipo mkongwe anapoonekana. Kinanda kikijaza sauti za kati, gitaa hupanda juu na kubaki na noti mbili, au hunyamaza kabisa mzunguko mzima. Katika muziki huu kinanda na gitaa hugombea chumba kimoja, na mmoja lazima atoke. Mpiga kinanda Herbie Hancock aliporekodi na Head Hunters mwaka 1973 hakuweka gitaa kabisa; klavineti, kinanda cha umeme chenye nyuzi ndani, ndiyo iliyofanya kazi ya mkwaruzo. Mkiwa na wapiga gitaa wawili jukwaani, mmoja apige vifungu vya noti moja moja kwenye nyuzi nene huku akizizima kwa kiganja, mwingine akwaruze nyuzi nyembamba. Wote wawili wakikwaruza, hata wakiwa mabingwa, msikilizaji hasikii kitu zaidi ya mvua juu ya bati.

Ishara za mikono zikubaliwe mapema. Kujigusa kichwani maana yake turudi kwenye wimbo wenyewe. Ngumi juu ni kusimama. Vidole vilivyoelekezwa juu vinahesabu noti kali za ufunguo, vilivyoelekezwa chini vinahesabu noti bapa, yaani zilizoshushwa nusu-toni: kidole kimoja chini ni F. Tatizo ni vidole vinne. Huyu atadhani umeita ufunguo wa E, yule atadhani mnapokezana solo za vipimo vinne vinne. Ufunguo na utajwe kabla ya wimbo kuanza, vidole vibaki kwa mabadilishano.

Mafundi wa sauti, zamu yenu. Kwenye joto la nyuzi 30 sauti huenda mita 349 hivi kwa sekunde. Kwa kasi ya mipigo 100, kipande kimoja cha zile 16 ni sekunde 0.15. Mkimweka mpiga gitaa mita 12 kutoka kwa dramu kwa sababu jukwaa ni pana na picha itapendeza, dramu itamfikia kwa kuchelewa sekunde 0.034, karibu robo ya kipande. Magwiji watalaumiana, na wa kulaumiwa ni aliyepanga viti. Dramu, besi na gitaa ziwe ndani ya mita 3. Tarumbeta, saksafoni na tromboni zinaweza kukaa mbali zaidi, mradi zina monita, yaani spika za kuwarudishia wapigaji sauti.

Hapo Mkunguni, mbele ya ngome, kuna shida ya kuta. Mawe ya matumbawe yenye lipu hurudisha sauti. Ukuta ulio mita 26 mbele ya spika unairudisha kwa sekunde 0.15 zile zile, yaani juu ya kipande kinachofuata, na ule mwanya alioulinda mkongwe usiku kucha unajazwa na mwangwi wake mwenyewe. Inamisheni spika ziwaelekee watu, zisielekee ukuta, na tandikeni matanga ya zamani ya majahazi au mazulia mazito juu ya ukuta wa nyuma, yakiachana nao kidogo. Uwanja mtupu wa alasiri utasikika vibaya kuliko uwanja wenye watu, basi msiharakishe kupunguza milio ya juu. Kwenye gitaa, kateni milio iliyo chini ya hezi 100. Besi inaishi huko. Kama ni la tumbo wazi na linaanza kuvuma, msogezeni mpigaji ubavuni mwa amplifaya yake asisimame mbele yake, na zibeni matundu ya gitaa kwa sponji kabla hamjagusa mikisa, ile meza ya kuchanganya sauti.

Umeme hapa ni volti 240 na hezi 50. Marekani ni 120 na 60. Amplifaya iliyoletwa kutoka huko ikichomekwa moja kwa moja itaungua, na transfoma ya kushusha volti inatosha kuiokoa. Kwa Fender Twin Reverb ya wati 85 chukueni transfoma yenye uwezo usiopungua VA 500. Lakini transfoma haibadilishi hezi. Kinanda cha Hammond B-3 huzungushwa na mota inayofuata hezi za umeme, kwa hiyo cha Kimarekani kikichomekwa hapa huzunguka kwa sehemu tano kati ya sita za kasi yake tu na kushuka nusu-toni 3 na kidogo. Bendi iko G, kinanda kiko E. Tena chenyewe na pedali zake na benchi ni karibu kilo 190, na njia ya kutoka bandarini ni ya mkokoteni na punda. Leteni cha dijitali chenye adapta ya volti 100 hadi 240, na anayelalamika apewe upande mmoja wa kukibeba cha asili.

Jambo moja halina mjadala. Jukwaa na mikisa zitumie chanzo kimoja cha umeme, ama jenereta ama laini ya mji, na ncha ya ethi, ile inayoupeleka umeme ardhini, isikatwe kamwe ili kuondoa mvumo. Mpigaji anashika nyuzi za chuma na mdomo wake uko kwenye maiki ya chuma. Vyanzo viwili vikitofautiana, umeme unapita mwilini mwake.

Ratiba: majaribio ya sauti yaanze saa 10 baada ya Alasiri, yaishe kabla ya adhana ya Magharibi, na muziki uanze saa 2 unusu usiku, Isha ikiwa imekwisha. Gitaa lisitolewe kwenye chumba chenye kiyoyozi na kupigwa papo hapo. Likae jukwaani kivulini nusu saa, kasha likiwa wazi, kisha ndipo litiwe sauti. Nyuzi hurefuka kwa joto na sauti hushuka. Chumvi ya hewa hii huanza kuzila nyuzi mpya haraka kuliko bara, basi zipanguswe kwa kitambaa kikavu baada ya kila wimbo mrefu, na seti mbili za akiba ziwe karibu.

Kwa wabebaji: angalieni maji kabla ya kupanga saa ya mashua. Wakati wa bamvua, maji yakipwa, ngazi za gati huwa ndefu na zina ukungu wa kijani. Amplifaya ya kilo 29 haifai kuteremshwa hapo usiku. Pakieni maji yakiwa yanajaa, hata kama ni kungoja mpaka alfajiri.

Aliyekuja na gitaa alitoe sasa. Metronomi iko hapa mezani, mipigo 80, bila noti.