Tairi la 28, lakini 28 ipi?

Habari zenu, ndugu zangu. Swali ni lilelile kila nikiweka video: "Kaka, wewe uko Ujerumani, nitumie tairi la baiskeli la 28, la kwangu limeshakuwa kipara." Nikinyamaza, naringa. Nikitaja gharama, nalalamika. Leo najibu kwa vipimo, anayetaka kusema aseme.

28 si saizi moja. Phoenix ya nyumbani, ile yenye breki za vyuma, inavaa 28 x 1½. Baiskeli nyingi za kwendea kazini huku zinavaa 28 nyingine, ambayo wengine wanaiita 700C. Kwa hiyo achana na maandishi makubwa. Futa vumbi ubavuni mwa tairi, tafuta namba mbili zenye kistari katikati: 40-635 kwa Phoenix, au 37-622 kwa hizi za huku. Namba ya mbele ya kistari ni unene kwa milimita, ya nyuma yake ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu. Tofauti ni milimita 13 tu, na hizo ndizo zinazokula hela za watu. Tairi la 622 haliingii kwenye rimu ya 635, maana mdomo wake una waya usiovutika. Ukilazimisha kwa bisibisi unatoboa tyubu au unaharibu waya. La 635 kwenye rimu ya 622 linaingia kirahisi, halafu ukijaza upepo linapanda upande mmoja na kuchomoka.

Namba zimefutika? Vua tairi, zungusha uzi ndani ya rimu pale mdomo wa tairi unapolala, kisha pima uzi. Sentimita 195 hivi ni 622. 199 na nusu ni 635.

"Basi tuma na rimu." Hapana, jamani. Breki za vyuma zinabana rimu kwa ndani, upande wa spoku. Rimu nyingi za huku zimetengenezwa kubanwa mbavuni, au hazibanwi kabisa. Ukiifunga kwenye Phoenix, raba za breki hazina pa kushika.

Halafu mzigo ukitoka Ulaya unajaziwa fomu ya forodha: kitu gani, uzito gani, thamani gani. Anayepokea naye anaweza kudaiwa ushuru. Tairi lenye safu nene ya kuzuia miiba, kama Schwalbe Marathon Plus, ni zito, na posta wanahesabu uzito. Ndiyo maana inaniuma mtu akiandika "tairi tu limekushinda."

Wewe uliyefika huku juzi na unakwenda kazini kwa baiskeli, haya ni maoni yangu, kila mtu na njia yake: chukua 622 yenye unene wa 37 hadi 47, kama fremu na madigadi vinaruhusu. Ya 37 ijaze bar (kipimo cha mgandamizo wa upepo) 4 hadi 5, ya 47 bar 3 hadi 4. Upepo ukipungua, tyubu inabanwa kati ya jiwe na kingo za rimu, unakuta matundu mawili sambamba. Tundu likiwa upande wa ndani wa tyubu, usilaumu msumari: utepe unaofunika vichwa vya spoku umesogea. Kama unabeba mtoto, gurudumu la nyuma liwe na spoku 36.

Anayetaka nimtumie, apige picha ubavu wa tairi namba zisomeke, aniambie breki zake ni za vyuma au za waya.